Mayai ya Mkizi kwenye Sinia la Mgeni

Jumamosi, mwezi wa Juni. Mvua nyepesi asubuhi, sasa jua la uvivu.

Leo mvua ilinyesha kidogo, ikaacha, ikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli wake. Ndia Kuu, barabara ya mbele ya nyumba yetu hapa mjini, imekauka upande mmoja tu. Nimekaa juu dirishani na kofia ya bwana harusi mmoja mapajani. Ilitakiwa iishe jana, na haikuisha kwa sababu jana nilikuwa Tudor nikikuna nazi.

Sina furaha, sina huzuni. Nataka tu kuyaandika yaliyotokea kabla Shangazi Rukia hajaanza kuyasimulia, maana akishaanza, hata mimi niliyekuwepo nitamwamini yeye.

Naandika kwa urefu. Nikija kuyasoma haya uzeeni nitakuwa nimeshasahau nani ni nani.

Baba yangu, Mzee Abdalla, ni mtu wa uzio. Uzio ni ua wa miti ya mikoko na fito, umefungwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kusimamishwa majini kwenye ufuo wa Tudor. Maji yakijaa, samaki hupita kando yake na juu yake wasijue kitu. Maji yakitoka hujikuta ndani, wakaufuata ule ua wakidhani ni njia, mpaka chumba cha mwisho ambacho hakina pa kutokea. Hapo baba huja na kapu lake akawaokota. Babu alifanya hivyo, na baba yake babu. Miti hubadilishwa kila mwaka lakini mahali ni pale pale, na hakuna mtu wa Tudor anayeweza kuja kusimamisha uzio wake pale, kama vile hawezi kuja kutandika mkeka wake chumbani kwetu.

Mimi na samaki hukutana sahanini tu. Tangu niachike na kurudi kwa baba nashona kofia, na kwa kofia hizo sijamwomba mtu kitu. Baba huiita kazi yangu kazi ya kukaa. Hasemi kwa ubaya. Anavyoona yeye, mikono isiyolowa siku nzima ni mikono iliyopumzika.

Sasa, mkizi.

Mkizi ni samaki wa safari. Hukua huku ndani, kwenye mikoko na mtoni juu, maji yanakokaribia kuwa matamu. Akishajaa mayai, baada ya mvua za masika, hushuka kwenda bahari kubwa kutaga. Watoto wake hurudi wenyewe, wadogo kama kucha, wakaupanda mkono wa bahari wa Tudor mpaka mtoni, wakakua huko, na mambo yakaanza upya. Haya yote nimeyasikia tangu utotoni bila kuyasikiliza.

Zamani kidogo watu wa upande wa Rabai walijenga ukuta wa mawe pale mto wao unapokutana na maji ya chumvi, ili chumvi isipande kwenye mashamba yao ya mpunga. Ukuta ulifanya kazi yake vizuri. Chumvi haikupanda, na watoto wa mkizi pia hawakupanda. Na wale wakubwa waliobaki chini ya ukuta, walipojaa mayai na kuanza kushuka wakifuata mikoko ya upande wetu, walikutana na uzio wa baba. Juu ukuta, chini uzio. Hata mimi nisiyejua samaki niliona kwamba mkizi hakubakishiwa njia.

Mwaka baada ya mwaka kapu likawa jepesi. Baba akaulaumu ukuta. Watu wa Rabai, ambao nao walikuwa wakivua mtoni kwao, wakaulaumu uzio. Kila upande ulikuwa na haki, na ndiyo maana ubishi ule uliweza kudumu hivyo.

Mwaka jana akatokea kijana wa ofisi ya samaki. Ni mtu wa bara, mpole, na viatu vyake havijawahi kukubaliana na matope ya Tudor. Kazi yake, alisema, ni kumrudishia mkizi mto wake. Akawa anakwenda Rabai, anarudi kwetu, anakunywa chai huku, anakunywa chai kule, hadi akawakalisha pamoja watu wawili kwenye baraza yetu: baba na Mwalimu Yohana.

Mwalimu Yohana ni mwalimu wa shule huko Rabai na ni mzee wa kanisa. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, na huvaa koti hata jua likiwaka. Mapatano yao yalikuwa mepesi kuyaeleza. Watu wa Rabai wabomoe ukuta wakati wa kiangazi. Baba afungue chumba cha uzio wake msimu wa mayai, tangu katikati ya Juni mpaka upepo wa kusi umalizike, ili mkizi apite. Wenye uzio wengine wa Tudor walisema watamtazama Abdalla. Akifungua watafungua.

Walipeana mikono. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la vikombe.

Rabai walibomoa kwanza. Mwalimu ndiye aliyewaomba. Chumvi ikapanda kama ilivyotarajiwa, na nyumba kadhaa zenye mashamba ya chini hazitavuna mpunga mwaka huu. Kuna watu kule waliomcheka Mwalimu usoni. Walimwambia watu wa mjini hawatafungua uzio wao hata siku moja, watakula samaki wao na kukucheka wewe na ukuta wako. Kijana wa ofisi alitueleza kwamba baba asipofungua, ukuta utarudishwa wiki ile ile, na Mwalimu Yohana hatakuwa na uso wa kuingia nao kanisani.

Baba alisema, "Nshatoa neno langu." Akaendelea kusokota kamba.

Sijui kama kijana yule alielewa baba alikuwa akitoa nini. Hakuna mtu ndani ya nyumba hii anayeangalia saa. Tunajua baba yuko wapi kwa kujua maji yako wapi. Nilijua hivyo hata nilipokuwa mke wa mtu mtaa wa pili: nikiona maji yametoka, najua baba ameshapita na baiskeli yake, kapu limefungwa nyuma. Miezi yote iliyobaki ya kusi hatakuwa na pa kwenda maji yakitoka.

Hilo nililiona. Sikulisema.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kila mwaka uzio ukisimamishwa husomwa dua. Basi hata wa kufunguliwa lazima usomewe dua, hilo halikuwa na mjadala. Shangazi Rukia, dada yake baba, alilichukua jambo zima mikononi mwake kama anavyochukua harusi na matanga. Dua ikawekwa jana Ijumaa, baada ya swala, palepale ufuoni kwenye banda la baba. Waalikwa ni wenye uzio wote wa Tudor, majirani, kijana wa ofisi, na mgeni wa heshima, Mwalimu Yohana.

Chakula ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Samaki wa uzio wenyewe.

Niliuliza kama mbuzi hafai. Niliuliza kwa uvivu tu, kwa sababu mbuzi huchinjwa na kupikwa na wanaume. Shangazi alinitazama kama niliyependekeza tuwapikie wageni kamba za makumbi. "Dua ya uzio hula samaki wa uzio," alisema. "Tangu babu yako. Wataka tuwape nini, wali mtupu?"

Baba akamuunga mkono. Atauvua uzio kwa mara ya mwisho asubuhi ya Ijumaa, watu wale, dua isomwe, na Jumamosi maji yakitoka atakifungua chumba. Hakuna aliyeona kasoro. Haikuwa ujanja. Kwa watu wetu, mgeni akija unampa kilicho bora ulicho nacho, na katika Juni baba hana kitu bora kuliko mkizi mwenye mayai.

Naomba niseme ukweli kuhusu mayai ya mkizi. Nayapenda kupita kiasi. Yakipikwa kwenye tui zito na ndimu na pilipili kidogo, sijui kitu kingine ambacho ningenyang'anyana na mtu. Niliposikia dua ni ya samaki wa uzio, sikufikiria mto wala ukuta. Nilifikiria kama yatatosha mpaka jikoni.

Jana asubuhi hamali mmoja alitusukumia mkokoteni wa masufuria na nazi kutoka soko la Marikiti hadi Tudor, Shangazi akitembea pembeni na kumfundisha kazi. Tulipofika, baba alikuwa ameshatoka majini. Makapu yalikuwa yamejaa. Sijaona makapu yamejaa vile tangu nilipokuwa msichana. Baba mwenyewe alikuwa akiyatazama kwa namna fulani, kichwa amekiinamisha upande, akasema, "Wamekuja wengi mwaka huu." Akaenda kuoga kwa ajili ya swala.

Tukakaa wanawake kuparua na kupasua. Kila tumbo lililofunguka lilikuwa na mayai, mafuko mawili mawili, ya manjano, yamelala kama mapacha. Tuliyaweka kwenye beseni la bati na beseni likapanda mpaka ukingo. Shangazi akachagua yale makubwa kuliko yote, akayaweka peke yake kwenye bakuli jeupe.

"Haya ya Mwalimu," alisema, na alikuwa na furaha ya kweli.

Nilikuwa na kisu mkononi. Wazo lilinijia, na lilikuja waziwazi: hawa walikuwa wakishuka. Kisha mtu akaniita nikachuje tui, nikaenda. Wazo lilibaki pale kwenye magamba. Sijui kama ningelisema lingebadilisha kitu, samaki walikuwa wameshakufa. Lakini bakuli jeupe lisingefika lilikofika.

Wanaume walirudi kutoka swalani, Mwalimu Yohana akawasili na kijana wa ofisi, wakapeana salamu ndefu za kuulizana watu wa nyumbani mmoja mmoja. Dua ikasomwa. Mwalimu alisimama pembeni amevua kofia yake, kichwa chini, kwa adabu. Kisha masinia yakapelekwa.

Jikoni petu palitenganishwa na wanaume kwa makuti tu, na makuti yale ni ya zamani. Tuliona kila kitu. Baba, Mwalimu, kijana wa ofisi na wazee wawili wa Tudor waliketi kwenye sinia moja. Kijana wa ofisi alipiga bismillahi yake ya kizungu kwa kukunja mikono ya shati, akala yai la mkizi kwa raha zake zote, akaomba na ndimu. Siwezi kumlaumu. Lilikuwa limepikwa vizuri.

Baba akachukua yale mayai makubwa kwa mkono wake mwenyewe na kuyasogeza upande wa Mwalimu, kama mwenyeji anavyotakiwa kufanya.

"Karibu, Mwalimu. Kitu chako hicho."

Mwalimu aliyatazama. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kwenye wali, akaurudisha ukakaa juu ya goti.

"Mbona huli?" baba akauliza.

"Mzee Abdalla," alisema Mwalimu kwa ile sauti yake ndogo, "hawa nao walikuwa wakishuka?"

Baba si mtu wa kusema uongo, hata pale ambapo uongo ungekuwa adabu. "Walikuwa wakishuka," alisema.

"Na watakaokuja na maji ya leo jioni?"

Uzio ulikuwa bado umefungwa. Maji yalikuwa yakijaa wakati ule ule tunakula, na yakianza kutoka kabla ya magharibi chumba kingejaa tena. Sote jikoni tulilijua hilo, kwa sababu Shangazi alikuwa ameshawaahidi nusu ya wageni kwamba asubuhi watapelekewa samaki majumbani.

Mwalimu hakukasirika. Ningependa angekasirika, ingekuwa nyepesi zaidi kumtazama. Alisema, "Mimi nikifika nyumbani, kitu cha kwanza nitakachoulizwa ni kile anachoulizwa kila mtu anayetoka karamuni. Wataniuliza nimekula nini. Nitawaambiaje, mzee wangu?"

Hakuna aliyetia mkono kwenye sinia tena. Kijana wa ofisi alikuwa na yai la pili mdomoni na hakujua afanye nalo nini.

Nilimwona baba akielewa. Nimeishi na uso ule maisha yangu yote na sijawahi kuuona ukifanya vile. Ulianza kwa kutoelewa, ukapita kwenye ghadhabu kidogo, kwa sababu mgeni kukataa chakula ni jambo kubwa, kisha ukasimama. Alitazama sinia. Alitazama makapu yaliyolazwa matupu kando ya banda. Nilitamani mtu aseme kitu, hata Shangazi. Niliona haya, si kwa baba peke yake.

Baba alinawa mkono, akachukua kisu chake kwenye nguzo ya banda, akaenda majini.

Alikwenda na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Shangazi alisahau kwamba tuko nyuma ya makuti. "Abdalla! Kanzu mpya hiyo!" Hakugeuka. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani, na kanzu ikawa inaelea nyuma yake. Alifika kwenye kile chumba cha mwisho na kuanza kukata kamba.

Angeweza kufungua mlango tu, fito mbili tatu zinatosha. Ndivyo walivyopatana. Lakini alikata fundo baada ya fundo, yale mafundo aliyoyafunga mwenyewe, akawa anang'oa miti na kuiachilia ielee.

Mwalimu Yohana alivua viatu, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya mkeka, akakunja suruali ambayo haikuwa na faida kukunjwa, akamfuata. Wazee wawili majini, mmoja akikata, mwingine akivuta. Mti mmoja ulikuwa umezama sana kwenye matope wakauyumbisha pamoja, huku na huku, mpaka ukang'oka ghafla, Mwalimu akaanguka nyuma akazama mzima, na baba akamkamata mkono.

Ufuoni hakuna aliyecheka. Kisha wale wazee wawili wa Tudor waliokuwa sinia moja na baba wakaondoka bila kuaga, kila mmoja akashika njia ya kwenda kwenye uzio wake. Mmoja alikuwa bado anatafuna.

Nilisimama pale hadi maji yalipogeuka. Nilitaka kuwaona wakipita. Nilifikiri pengine kutakuwa na alama, maji yatachemka kidogo, mmoja ataruka. Maji ya Tudor ni ya matope na yanakwenda yanakotaka.

Sikuona samaki hata mmoja.

Baba na Mwalimu walirudi wamelowa, tukawapa vitambaa vya kujifutia na vikoi vya baba, kila mmoja kimoja. Mwalimu Yohana ndani ya kikoi, mzee wa kanisa, sikujua nitazame wapi. Wali ulikuwa umeshapoa. Walikaa tena kwenye sinia lile lile, wao wawili tu, wakala. Mwalimu aliyasogeza yale mayai katikati ya sinia, taratibu, bila kiburi. Akala wali. Baba naye akala wali.

Wakati wa kuagana Mwalimu alimshika baba mkono muda mrefu. Alisema, "Wakiniuliza, nitawaambia nimekula wali."

Baba akaitikia kwa kichwa. Nadhani ndiyo shukrani kubwa kuliko zote aliyowahi kupewa, na aliipokea kwa shida.

Sinia lilirudi jikoni na mayai yake katikati. Tulilitazama. Shangazi Rukia, ambaye hajawahi kutupa hata ukoko wa chungu, aliyatia kwenye bakuli jeupe, akalifunika kwa sahani, akanipa mimi. "Wewe utajua la kufanya," alisema. Hajawahi kuniambia maneno hayo katika maisha yake, wala sidhani atayarudia.

Nimelilaza bakuli lile kabatini. Asubuhi nimeyachemsha tena mayai ili yasiharibike, nikayafunika tena.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo baba aliamka, akaswali, akanywa chai, akakaa barazani na kusikiliza watu wakipita. Walimpa salamu na baadhi yao walisimama. Habari imeshafika mjini. Kila mtu anajua Abdalla amevunja uzio wake, na wengi wanadhani amegombana na serikali. Baba hakumsahihisha mtu.

Kisha maji yakatoka. Sikuyaona kutoka hapa, lakini nilijua, kwa sababu baba alisimama. Alivaa kofia yake ya ukindu, akachukua kapu ukutani, akaitoa baiskeli mpaka kizingitini, gurudumu la mbele likawa tayari nje. Mimi nilikuwa kwenye ngazi.

Alisimama hapo.

Alikaa vile muda mrefu kiasi cha mtu mmoja mwenye mzigo kuomba njia, akapishwa. Kisha baba akaivuta baiskeli ndani, akaliangika kapu mahali pake. Alilinyoosha lisikae upande. Sikuweza kumtazama mgongo. Nimesema hapo juu kwamba sina huzuni, na nilipoandika vile ilikuwa kweli au nilitaka iwe kweli. Nilikuwa nayo pale ngazini, ya kutosha.

Akanikuta jikoni. "Lile bakuli la jana li wapi?"

Nilifikiri anataka kulimwaga. Nilimpa. Akaketi mkekani, akafunua sahani, akanitazama akingoja, nikaelewa kwamba ananingoja mimi niketi. Tukala. Alikuwa akinisogezea kwa kidole vipande vikubwa upande wangu, kama ndiye mwenyeji na mimi ndiye mgeni. Tukala mpaka bakuli likawa jeupe.

Yalikuwa matamu sana. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa.

Sijui kama watoto wa mkizi watapanda. Kijana wa ofisi anasema si jambo la mwaka mmoja. Anasema tupande na mikoko pale ilipokatwa, kwa sababu watoto hujificha mizizini. Baba amemwambia alete miche. Kijana anasema pengine miaka kadhaa itapita kabla mtu wa Rabai hajamwona mkizi mkubwa kwenye mto wake, na hata hivyo hatajua kama ni yule aliyepita kwetu. Nimejaribu kufikiria mtu anavyofungua kitu chake kwa ajili ya kitu ambacho hatakiona kikipita. Sijafika mbali, kofia ikaniita.

Nilikuwa nimesharudi hapa dirishani, nimeanza duara la juu, baba alipopanda ngazi. Huwa hapandi huku. Alisimama akitazama kofia, akaichukua, akaigeuza akatazama upande wa ndani, pale mafundo yalipo. Baba anajua mafundo. Alilikuta moja baya na akalikwaruza kwa ukucha. Mikono yake ina mikato ya kamba za jana, imevimba kidogo kwenye vidole.

Kisha akaketi mkekani, mbali kidogo na mimi, akakunja miguu.

"Sindano yako ya pili i wapi?"

Kesho nitamtafutia kitambaa cha kuanzia, kisichoagizwa na mtu.